Gari Nililoliosha

Gari lile nililiosha mimi, kwa mikono yangu, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Naanzia hapo kwa sababu watu wanaosimulia habari hii, hata ndugu zangu wa tumbo moja, huanza kwa kusema, "Mume wake alipopoteza kazi kwa ajili ya gari la watu." Mume wangu hakupoteza kazi. Kazi haidondoki kama sindano. Ilichukuliwa, walioichukua nawajua, na siku ile walikuwa wanakunywa chai.

Tulikaa Iringa, nyuma ya hoteli ndogo ya mama mmoja wa Kizungu aliyefiwa na mumewe. Sisi tulimwita memsahabu. Yeye alimwita mume wangu boi, mwanamume mzima mwenye ndevu, mke na mtoto. Kazi ya mume wangu ilikuwa kutunza uwanja: kufungua lango, kupasua kuni za kuchemshia wageni maji ya kuoga, kufagia majani ya mikaratusi, na kulinda magari yaliyolala pale. Alifanya hivyo miaka tisa, na katika miaka hiyo hakikupotea hata kijiko.

Katikati ya miaka ya hamsini kulikuwa na mzungu mmoja huko Mbeya aliyekuwa akikodisha magari. Mgeni alichukua gari Mbeya, akazunguka nalo alikotaka, na kama safari yake iliishia Iringa aliliacha kwenye uwanja wetu. Kisha dereva wa yule mwenye magari alipanda basi kutoka Mbeya kuja kulifuata. Mara nyingine gari lilingoja siku moja, mara nyingine tatu. Memsahabu mwenyewe ndiye aliyekuwa akilipokea. Alitoka na kijitabu, akalizunguka gari pamoja na mgeni, akaandika alichokiona, kisha akatundika funguo kwenye msumari ofisini. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuhakikisha kuku hawalali juu ya boneti.

Dereva aliyekuwa akija kuyafuata alikuwa Mnyakyusa, mtu wa makamo, mcheshi, mwenye watoto wengi na hadithi nyingi kuliko watoto. Alikuwa akipita uani kwetu kabla ya kwenda kumsalimu memsahabu. Alikuwa amejifunza salamu yetu sisi watu wa Iringa, akiitamka kwa ulimi wa kwao mpaka nacheka.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Umetuletea nini safari hii?"

Alituletea ndizi. Kila alipokuja alikuja na kikapu cha ndizi za kwao, zile kubwa za kupika, zimefunikwa kwa majani yake. Na mimi sikumwachia kikapu kirudi kitupu. Kwetu chombo cha mtu unakiosha kwanza, ndipo unakirudisha, na ndani unaweka kitu: maharage, viazi, mayai ukiwa nayo. Mama yangu alikuwa akisema kuwa kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia usije tena. Kumrudishia kichafu ni zaidi ya hapo, na yeye hakutaka hata kukitaja kinachozidi. Safari moja nilimwekea dereva kuku mzima, miguu imefungwa, na akaniambia baadaye kuwa kuku yule alimpigia kelele njia nzima mpaka Makambako.

Mwaka ninaousema, mume wangu alikuwa amepata ahadi. Shule moja ya bweni huko Mbeya ilitaka mtunza stoo: mtu wa kushika funguo za unga, maharage, mablanketi na vyombo. Kazi hiyo ilikuwa na nyumba ya matofali, na nyuma ya nyumba kipande cha shamba. Mkuu wa shule alikuwa amekwisha kumwona na kumpenda. Alichotaka ni barua tu kutoka kwa tajiri wake wa kwanza, kusema huyu ni mtu wa namna gani. Siku hizo barua hiyo ndiyo iliyokuwa uso wako. Ungeweza kuwa malaika, lakini bila barua ya mzungu ulikuwa mtu uliyetoka porini jana. Memsahabu alisema ataiandika mwisho wa mwezi, na itakuwa nzuri. Nilikwisha kuanza kuchagua mbegu za kupanda kule.

Basi katika mwezi huohuo, masika yakiwa yamechachamaa, akaja mgeni na gari la rangi ya maziwa. Nasema rangi ya maziwa kwa sababu niliijua siku mbili baadaye. Siku aliyokuja, gari lilikuwa na rangi ya tope. Alikuwa ametoka kuwinda mapori ya upande wa Idodi, na tope jekundu la huko lilikuwa limelipanda mpaka kwenye vioo, limekauka, likapandwa na lingine. Memsahabu hakuwapo, alikuwa ameenda shambani kwa rafiki yake. Mgeni alikuwa na haraka, kwa sababu mwenzake alikuwa anamngoja nje ya lango kwa gari jingine, waelekee Dodoma. Alimtupia mume wangu funguo.

Mume wangu akamwambia, "Bwana, tafadhali, tulizunguke gari kidogo."

Nilisikia kwa masikio yangu, nilikuwa naanika nguo. Mgeni alimwangalia kama vile lango ndilo lililosema. Alichukua bunduki zake na sanduku, akapanda gari la mwenzake, wakaondoka. Mume wangu akabaki na funguo mkononi. Sasa niambie wewe, angezirudishaje? Angekimbia nyuma ya gari kuelekea Dodoma? Alizitundika kwenye msumari, mahali pake, na memsahabu aliporudi alimweleza. Memsahabu alisema ni sawa. Hakutoka kulizunguka gari, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na alikuwa na viatu vyeupe.

Dereva hakuja. Habari zilifika kuwa mto umefurika Igawa, umefunika daraja, na mabasi ya Mbeya yamesimama. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikawa Jumamosi, na jua likatoka. Nikaliangalia lile gari. Lilikaa mbele ya mlango wangu kama nguruwe aliyetoka kugaagaa. Nikafikiri: kesho Jumapili, watu wanapita hapa kwenda kanisani, na mambo yanajulikana, uwanja huu anautunza mume wangu. Nikafikiri pia: dereva wetu atafika amechoka kwa njia mbovu, na mara ya mwisho nilimpa kikapu chenye maharage machache tu, kwa sababu yalikuwa yameisha. Nikachota debe la maji, nikachukua kipande cha gunia, nikaanza.

Tope lilidondoka kwa mabamba. Nilikuwa na furaha, siwezi kusema uongo. Niliimba. Nilisugua boneti, nikasugua milango, nikafika kwenye madigadi ya mbele upande wa kushoto, na hapo gunia langu likaingia shimoni. Nikamwaga maji. Bati lilikuwa limebonyea, bonde la kutosha kulaza mtoto mchanga, rangi imechubuka, na taa ya mbele ina ufa kutoka juu mpaka chini. Kwenye mchubuko palikuwa na vipande vya gome la mti vimejibana. Nikajisemea kuwa huyu bwana alipiga mti huko Idodi. Nikavitoa vile vipande kimoja kimoja kwa kucha, nikavitupa, nikaendelea kusugua. Ndivyo nilivyofanya. Niliwatoa mashahidi mmoja mmoja na kuwamwagia maji, huku naimba.

Mume wangu alikuja kutoka kwenye kuni, akasimama.

"Umeliosha?"

"Njoo uone, yule bwana aligonga mti."

Hakuja kuona. Aliangalia tope chini, lilivyokuwa linatiririka kuelekea kwenye mfereji, kisha akaniangalia mimi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, kwa nini usingeniuliza?" Maneno hayo nilikuja kuyabeba miaka mingi, na siku nyingine nilimkasirikia yeye kwa kuyasema kwa upole. Bora angenipigia kelele, na mimi nipate pa kumjibu.

Alikwenda palepale kumwambia memsahabu. Nataka hilo lijulikane. Hakungoja aulizwe, hakuficha. Memsahabu alitoka na kijitabu chake, safari hii bila kujali viatu, akaandika, akapeleka simu ya maandishi kwa mgeni huko alikokwenda. Majibu yakarudi baada ya siku mbili: gari niliacha zima. Mistari miwili ya karatasi. Mtu aliyeshindwa kulizunguka gari lake kwa dakika tatu alipata nafasi ya kutufanya waongo kwa maneno machache.

Siku ya sita mto ukapungua. Dereva alikuja, na safari hii alikuja na mwenye magari mwenyewe, aliyekuwa na shughuli zake Iringa. Wakakaa barazani, memsahabu na yeye, na chai ikaletwa. Mume wangu alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi. Mimi nilisimama kwenye pembe ya nyumba na mtoto mgongoni, mahali ambapo hawakuniita.

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi nimewaona tembo wasiopigana. Walikuwa na adabu kupita kiasi. Memsahabu alisema, kwa Kiingereza na mara nyingine kwa Kiswahili chao, kwamba gari si lake na yeye hulipwa kwa ajili ya uwanja tu. Mwenye magari akasema gari lilikuwa kwenye uwanja wake. Memsahabu akasema angekuja kulichukua siku ya pili haya yasingekuwapo. Mwenye magari akasema mto ni kazi ya Mungu. Memsahabu akasema basi amwandikie aliyelikodi. Mwenye magari akatikisa kichwa, akasema yule bwana ni mtu mkubwa na anamfahamu, hawezi kusema uongo. Kila hoja ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe aliirudisha kwa mwenzake pamoja na sukari. Mwishowe wakatafuta pa kuiweka, na chini ya ngazi palikuwa na mtu amesimama.

"Boi," mwenye magari akasema, "nani nakamata funguo?"

"Mimi, bwana."

"Gari nakuwa mzuri?"

"Lilikuwa na tope, bwana."

"Mimi hapana uliza tope."

Hapo nilitoka kwenye pembe. Sikuitwa na sikuomba ruhusa. Nilisema mimi ndiye niliyeliosha, na bonde lilikuwa chini ya tope, na kwenye bonde palikuwa na gome la mti, na katika uwanja huu hakuna mti uliogongwa, waende wakaangalie kila mkaratusi. Nilisema yote hayo kwa sauti ambayo mama yangu angeniaibikia.

Mwenye magari alinisikiliza. Kisha akamgeukia memsahabu, akasema kitu ambacho mpishi wa hoteli, aliyeleta chai, alinitafsiria baadaye, akiwa ameinamisha macho. Alisema: mtu anayeosha gari lisilo lake, asilotumwa kuliosha, anaosha kitu anachotaka kisionekane.

Nimeishi miaka mingi na sijapata kusikia neno baya kuliko hilo. Ningempiga mtoto wa mtu, wangenielewa. Ningeiba, wangenielewa. Nimeosha, na wao hawakuweza kufikiri sababu nyingine yoyote ya mtu kuosha isipokuwa kuficha kosa. Watu ambao hawajafua soksi zao wenyewe tangu wazaliwe.

Wakati huo wote dereva alikuwa kwenye gari. Nilimwona amechuchumaa kwenye gurudumu la kushoto, mkono wake umeingia ndani ya madigadi mpaka kwenye kiwiko, anapapasa. Akautoa, akaangalia vidole vyake, akavifuta kwenye suruali. Kisha akasimama karibu na mlango, akaangalia barabarani. Niliwaza kuwa anatuonea huruma. Alipoondoka na gari aliniaga kwa mkono tu, na kikapu hakikuwapo.

Mwisho wa mwezi barua ilitoka, kama memsahabu alivyoahidi. Ilikuwa kwa Kiingereza. Tuliipeleka kwa mwalimu wa shule ya kanisa atusomee, akaanza vizuri kwa sauti, akafika katikati akanyamaza. Mume wangu akamwambia, "Endelea tu, mwalimu." Ilisema kuwa mtu huyu ni mtiifu, hanywi pombe, anawahi kazini. Ilisema pia kuwa si busara kuacha mali ya watu mikononi mwake, wala karibu na mke wake. Na kwamba memsahabu hatamhitaji tena.

Nilimwambia aichome. Aliniuliza atasema nini, kwamba amefanya kazi miaka tisa na hana hata karatasi? Nikamwambia aseme ilinyeshewa. Akasema hatasema uongo kwa sababu ya watu waongo. Siku hiyo nilitamani Mungu angenipa mume mwenye uongo kidogo, hata wa kukopa.

Tulikwenda Mbeya kwa basi, na barua mfukoni mwake. Mkuu wa shule aliisoma akiwa amesimama. Aliikunja ilivyokuwa imekunjwa, akairudisha kwa vidole viwili, akasema nafasi imejaa. Nafasi haikuwa imejaa. Tulikaa mjini kule wiki tatu kabla mtu mwingine hajaichukua, na kila siku nilikuwa napita mbele ya ile nyumba ya matofali, naangalia shamba lake lilivyoota majani. Nilipanga chumba Mbeya, nikawa nafua nguo za watu. Ndiyo, kuosha tena. Mume wangu alikwenda Chunya kumchimbia mtu dhahabu, mahali ambapo hakuna aliyemwomba barua. Alirudi kila baada ya miezi, vumbi limemwingia mpaka kwenye sauti, anakohoa, na bado alikuwa akiitunza ile barua kwenye bati la biskuti pamoja na cheti cha ndoa.

Mwaka mmoja ulikuwa umepita, mchana, nikiwa naanika, nikasikia hodi. Alikuwa dereva. Alikuwa ameulizia mpaka akanipata. Mkononi alikuwa na kikapu cha ndizi, zimefunikwa kwa majani yake, kama zamani.

Nilimpa kigoda. Aliuliza habari za kaka yake, yaani mume wangu, nikamwambia yuko Chunya anakula vumbi. Akainamisha kichwa.

"Shemeji," akasema, "mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Tope. Kule ndani ya madigadi. Maji yako haikufika kule. Ilikuwa imekauka juu ya ile sehemu imebonyea, na ganda ya mti iko ndani yake. Tope ya Idodi, mimi naijua ile. Gari ilikuja imegongwa."

"Ukaifanya nini?"

"Niliitoa na kidole."

"Ukaifuta kwenye suruali."

Akashangaa kuwa nilimwona. Kisha akasema, "Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Hawakuniuliza, shemeji. Wangeniuliza ningesema."

"Mimi waliniuliza?"

 Mtoto wangu alikuwa amekwisha kukaa karibu na kikapu, anainua majani. Dereva akasema bwana wake alikwisha kusema kuwa yule mgeni si mwongo, na yeye angesimamaje mbele yake kusema ni mwongo? Akasema, "Nina watoto sita, shemeji."

"Na huyu wangu ni paka?"

Akasema amekuja kuomba msamaha, kwamba jambo hili halimpi usingizi. Nilimwamini. Alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana nilikasirika kuliko nilivyowakasirikia wale wa barazani. Wale hawakujua, wala hawakutaka kujua. Huyu alikuwa ameishika haki yetu kwenye vidole, mbichi, na nyumba yangu ya matofali na shamba lake vilikuwa mle. Kwa siku sita gari lile halikuwa na mwenyewe. Aliyelikodi alikwisha kuliacha, mwenye mali alikuwa hajalifuata, mwenye uwanja alisema si lake. Lakini bonde lake lilipata mwenyewe, na mwenyewe akawa mtu pekee aliyeligusa kwa wema.

Ndizi nilizichukua. Sitajifanya mkubwa kuliko nilivyokuwa. Mtoto alikuwa na njaa, na ndizi hazikuwa zimefanya kosa lolote. Nilizitoa zote, nikazipanga kando ya ukuta. Ndani ya kikapu kulibaki vipande vya majani, na utomvu ulikuwa umeganda kwenye ukindu, mweusi.

Dereva alikaa akingoja, kama alivyozoea kungoja Iringa wakati nikienda kisimani na kurudi. Ndoo ya maji ilikuwa hapo miguuni pangu, imejaa. Chumbani nilikuwa na maharage, debe zima, mume wangu alikuwa ameyatuma.

Nikamrudishia kikapu kilivyokuwa.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akaangalia ndani, na aliangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoliangalia lile tope.